Bastola kuukuu si akiba, ni deni lililofungiwa sandukuni

MFANYABIASHARA wa ng'ombe anayetoka Ikoma kwenda mnadani hubeba vitu vitatu: fimbo, kibali cha kusafirishia mifugo na fedha taslimu. Wachache miongoni mwao wana kitu cha nne. Ni bastola ndogo ya rivolva, yenye mtutu mfupi na silinda ya risasi tano au sita, iliyotengenezwa kabla mwenyewe hajaanza biashara, na pengine kabla hajazaliwa. Leseni yake ni halali na ada zimelipwa. Anapoulizwa mali zake, huitaja pamoja na ng'ombe, duka na kiwanja.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Ng'ombe huzaa, duka huuza na kiwanja hupanda bei. Bastola kuukuu haizai, haiuziki kwa urahisi, na kila mwaka inadai zaidi ya inachotoa. Kibaya zaidi, siku mwenyewe anapoihitaji ndiyo siku atakayogundua kwamba imekufa. Kwa lugha ya vitabu vya hesabu, chuma hicho hakistahili kuandikwa upande wa mali. Kinastahili kuandikwa upande wa madeni mpaka mtaalamu mwenye leseni athibitishe vinginevyo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Serengeti na Tarime. Wizi wa mifugo umewatia hasara wafugaji wa mkoa wa Mara kwa vizazi, na mapigano yaliyofuata wizi huo yameua watu. Mtu anayetembea na bei ya ng'ombe 10 mfukoni haogopi kivuli. Hoja hapa si kwamba hofu yake haina msingi. Hoja ni kwamba kinga anayoitegemea inaweza kuwa imekwisha muda wake bila yeye kujua.

Chuma hiki kilitoka wapi

Rivolva ndogo zinazojulikana zaidi duniani zilitoka Marekani. Kampuni ya Colt ilianza kuuza Detective Special mwaka 1927, yenye mtutu wa inchi 2 na risasi sita. Smith & Wesson ilifuata mwaka 1950 na Chiefs Special ya risasi tano, iliyopewa namba 36 mwaka 1957. Baadaye Brazili iliingia sokoni kwa nguvu kupitia Taurus na Rossi, kwa bei nafuu zaidi. Upande wa Waingereza kulikuwa na Webley na Enfield, silaha zilizotumika katika jeshi lao wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Umri peke yake si kosa. Bastola ya chuma kizuri iliyopigwa mara chache, ikasafishwa na kuwekwa pakavu, inaweza kufanya kazi baada ya miaka 60. Wazee husema chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli, na katika hilo kuna ukweli kidogo. Sehemu nyingi za bastola hizo zilimalizwa kwa tupa na mkono wa fundi aliyelipwa kwa ustadi.

Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoleta gharama leo. Sehemu iliyorekebishwa kwa mkono ili ilingane na bastola moja haiingii katika bastola nyingine bila kurekebishwa tena. Fundi aliyezoea kazi hiyo amestaafu au amefariki. Webley iliacha kutengeneza rivolva mwishoni mwa miaka ya 1970. Colt iliachana na Detective Special katika miaka ya 1990. Ilipotoa bastola mpya ya jina la Cobra mwaka 2017, muundo wake wa ndani ulikuwa mwingine kabisa, na vipuri vyake havimsaidii mwenye bastola ya zamani. Mwenye gari kuukuu anaelewa jambo hili vizuri: gari si bovu kwa sababu ni la zamani, ni bovu kwa sababu kipuri chake hakipo tena dukani.

Kinachochakaa ndani

Rivolva ni mashine ya kuzungusha silinda na kuisimamisha mahali pake, sawasawa, kila mara. Kifyatuo kinapovutwa, kidole kidogo cha chuma husukuma silinda, na kikomeo huinuka kuikamata. Chumba cha risasi hutakiwa kuelekeana na mtutu kabla nyundo haijaanguka. Kidole hicho hulika taratibu kwa kila mzunguko. Kikomeo nacho hulika, na vishimo vinavyokikamata kwenye silinda hupanuka.

Matokeo yake ni kwamba silinda haifiki mwisho wa safari yake. Risasi inatoka ikiwa pembeni kidogo ya mtutu, inakwaruza ukingo, na vipande vya risasi na moto hutoka ubavuni. Anayesimama karibu na mpigaji anaweza kujeruhiwa usoni. Nyundo pia inaweza kugonga fataki pembeni na risasi isilipuke. Bastola za zamani za Colt zinafahamika kwa mafundi kwa ugonjwa huu, kwa sababu ufungaji wake uliokaza sana hulika kadiri unavyotumika.

Ugonjwa wa pili ni silinda kucheza mbele na nyuma. Kati ya silinda na mtutu kuna nafasi ndogo ambayo mafundi huipima kwa elfu za inchi, kwa kawaida kati ya elfu 4 na elfu 10. Huo ni unene wa karatasi moja hadi mbili au zaidi kidogo. Nafasi ikizidi, moto hupotea na nguvu ya risasi hupungua. Ikipungua kupita kiasi, masizi ya risasi chache hutosha kuigandisha silinda. Katika bastola ndogo ugonjwa huu huja mapema, maana sehemu zake ni nyembamba na hubeba kishindo kile kile kinachobebwa na bastola kubwa.

Ugonjwa wa tatu ni wa zile nyepesi. Katika miaka ya 1950 makampuni yalianza kutengeneza fremu za alumini ili bastola ibebeke mfukoni. Smith & Wesson ilijaribu hata silinda za alumini, lakini ikazirudisha kuwa za chuma baada ya muda mfupi kwa sababu hazikuwa imara vya kutosha. Fremu za alumini ziliendelea kuuzwa, na baadhi ya zile za zamani hupata ufa chini ya mahali mtutu unapofungwa. Ufa huo ni mwembamba kama unywele. Mtu asiyejua anaweza kuufuta kwa kitambaa miaka mitano akidhani ni mkwaruzo. Fremu iliyopasuka haishonwi kwa kulehemu. Huo ndio mwisho wa bastola.

La nne linahusu kuanguka. Mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa baada ya rivolva ya Smith & Wesson aina ya Victory kuanguka na kufyatuka. Kampuni ikaongeza kizuizi kipya kinachozuia nyundo isifikie risasi mpaka kifyatuo kivutwe. Bastola za bei rahisi za zamani, na nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo, hazina kizuizi cha namna hiyo cha kuaminika, au kilicholika hakizuii tena. Mfanyabiashara anayepanda pikipiki kutoka Robanda hadi Mugumu na bastola ya aina hiyo kiunoni amebeba hatari inayomwelekea yeye mwenyewe na dereva wake.

Mwisho ni kutu. Upepo wa ziwa Viktoria na mvua za Mara havihitaji msaada, lakini wamiliki wengi huvisaidia. Huiweka bastola katika mkoba wa ngozi na kuifungia sandukuni. Ngozi hunyonya unyevu, na chumvi zilizotumika kuilainisha hula chuma. Wengine huimwagia mafuta mengi. Mafuta yakichanganyika na vumbi la mbuga huganda kama gundi, na yakipenya kwenye fataki huiua risasi kimya kimya. Mwenye bastola huona chuma kinang'aa na kuridhika. Ndani ya silinda ana risasi tano zisizolipuka.

Risasi za thelathini na nane si moja

Hakuna kosa linalogharimu zaidi kuliko kudhani kwamba kila bastola inayoitwa "thelathini na nane" hula risasi moja. Kuna angalau aina mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni ya .38 Smith & Wesson, iliyobuniwa mwaka 1877, ambayo Waingereza waliitumia katika Webley na Enfield zao. Ya pili ni .38 Special, iliyokuja mwishoni mwa karne ya 19 na ndiyo inayouzwa zaidi leo.

Risasi hizo mbili hazifanani. Ya kwanza ni fupi na nene zaidi, na ya pili ni ndefu na nyembamba. Kwa hiyo, katika bastola ya Kiingereza iliyo katika hali yake ya asili, risasi ya Special kwa kawaida haizami mpaka mwisho. Tatizo lilianza baada ya vita. Bastola nyingi za Victory zilizokuwa zimepelekwa Uingereza ziliuzwa kwa raia baada ya silinda zake kuchimbwa zaidi ili zipokee risasi ndefu. Chumba kilibaki kipana kwa nyuma. Ganda jembamba likilipuka humo huvimba, na wakati mwingine hupasuka na kurudisha moto nyuma kwa mpigaji. Baadhi ya bastola hizo zilikatwa mtutu pia, zikapewa sura ya bastola ndogo ya kisasa. Mnunuzi aliyeipata kwa mkono wa tatu au wa nne hajui historia hiyo. Anachokiona ni namba 38.

Kuna pia risasi za Special zenye nguvu zaidi, zilizoandikwa +P kwenye ganda. Kiwango cha Marekani kwa risasi ya kawaida ni mgandamizo usiozidi paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, na kwa +P ni paundi 20,000. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa bastola nyepesi ya miaka ya 1950 au 1960 ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, ni kama kumpakia punda mzee gunia la ziada katika mlima. Atafika mara ya kwanza, na pengine mara ya pili. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba "hii ndiyo kali zaidi" anamuuzia kifo cha bastola yake.

Nani ana haki ya kuitengeneza

Mkoa wa Mara haukosi mafundi wa chuma. Wahunzi wake wametengeneza majembe, mikuki na mishale tangu kabla Wajerumani hawajajenga boma lao la Ikoma, na magobore yaliyoundwa vijijini yamekamatwa mara nyingi na askari wa wanyamapori. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba anayeweza kuunda gobore anaweza kurekebisha rivolva. Imani hiyo ni ya hatari mara mbili.

Kwanza ni kwa upande wa kazi yenyewe. Gobore ni bomba lililozibwa upande mmoja. Rivolva ni saa yenye baruti ndani. Kupiga tupa mahali pamoja kupita kiasi huharibu kifyatuo kisirudi, au humfanya mwenye bastola aifyatue asipotaka. Kukata springi ili kifyatuo kiwe laini hufanya nyundo ikose nguvu ya kulipua fataki. Hakuna mteja anayeweza kuligundua kosa hilo kwa kuangalia, na atakayeligundua kwa kupiga huenda asipate nafasi ya kulalamika.

Pili ni kwa upande wa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayefanya kazi ya kutengeneza au kukarabati silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Kumiliki silaha kwa halali hakumpi mwenyewe ruhusa ya kumkabidhi fundi yeyote. Siku askari wakiikuta bastola hiyo juu ya meza ya karakana ya mtaani, mwenye leseni na asiye na leseni wote wana maswali ya kujibu. Makosa ya silaha yamo pia katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, na kesi ya aina hiyo inaweza kufunga duka kabla hukumu haijatolewa.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao umewaponza watu waaminifu. Namba ya utambulisho ya bastola nyingi za Smith & Wesson iko chini ya mpini. Fundi anayesugua kutu kwa msasa anaweza kuifuta namba hiyo bila nia mbaya, na mpini mkubwa wa mpira unaweza kuifunika. Wakati wa uhakiki wa silaha za raia uliofanyika nchini mwaka 2016, kitu cha kwanza kilichotazamwa ni kama chuma kinalingana na karatasi. Bastola isiyo na namba haina mwenyewe, hata kama leseni ina picha yake.

Ukarabati halali basi una gharama ambazo hazionekani mwanzoni: safari ya kwenda kuonana na ofisa wa polisi anayehusika na silaha, safari ya kuifikisha kwa fundi mwenye leseni, ambaye kwa kawaida yuko mjini mbali na Serengeti, kipuri cha kuagiza nje kupitia mwenye kibali cha kuingiza, na wiki au miezi ambayo bastola haipo. Kanuni rahisi inayofaa kwa mfanyabiashara ni hii: iwapo jumla ya gharama hizo inazidi nusu ya bei ya silaha mpya yenye dhamana, ukarabati hauna maana ya kiuchumi. Iwapo ufa uko kwenye fremu au silinda, hesabu haihitajiki hata kidogo.

Bei ya Marekani si bei ya Mugumu

Wawekezaji wadogo wameanza kusikia habari nyingine. Inasemwa kwamba Detective Special safi au Webley ya vita hupata bei nzuri kwa wakusanyaji wa vitu vya kale Marekani na Ulaya, na kwamba anayeihifadhi leo atavuna kesho. Habari hiyo ni ya kweli huko ilikotoka. Hapa haina faida.

Bei ni makutano ya muuzaji na mnunuzi. Bastola iliyoko Ikoma inaweza kununuliwa na mtu mwenye kibali cha kumiliki silaha tu, na uhamisho wake lazima upitie polisi. Haiwezi kupelekwa mnadani. Haiwezi kuwekwa rehani benki. Kuipeleka nje ya nchi kunahitaji vibali vya pande mbili, na gharama ya kuvipata ingemaliza faida yote. Tena mkusanyaji hulipa kwa bastola ambayo haijaguswa, yenye rangi yake ya kiwandani. Iliyokaa ndani ya mkoba wa ngozi kando ya ziwa kwa miaka 40 haimo katika hesabu yake.

Suala la mirathi ni zito zaidi. Leseni ni ya mtu na haihami pamoja na shamba. Mwenyewe akifariki, bastola inatakiwa kutolewa taarifa na kukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka lazima aombe kibali chake mwenyewe. Mjane anayeiacha sandukuni kwa heshima ya marehemu hujikuta anamiliki silaha bila leseni. Baba aliyedhani amewaachia watoto mali amewaachia kesi.

Mbuga na mpaka

Jiografia ya Ikoma inaongeza deni hilo. Upande mmoja kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Upande mwingine kuna mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, na eneo la Ikona linalosimamiwa na vijiji vyenyewe. Njia ya mkato ya kwenda Arusha hupita ndani ya hifadhi. Kuingia na silaha hifadhini bila ruhusa ya mamlaka ni kosa, na leseni ya kawaida ya kumiliki bastola si ruhusa hiyo. Mfanyabiashara aliyesahau bastola kwenye begi ndani ya basi hatakuwa na maelezo yanayotosha getini.

Kwa wale wa Tarime kuna Sirari. Hatua chache mbele ni Isebania, na huko sheria ni ya Kenya. Leseni ya Tanzania haina nguvu ng'ambo ya geti. Biashara ya mifugo na nafaka huvuka mpaka kila siku, lakini bastola haina njia ya kuvuka nayo kimya kimya.

Wapo wanaodai kwamba wanaihitaji kwa ajili ya wanyama. Tembo huharibu mashamba ya Ikoma na fisi huchukua mbuzi, hilo halina ubishi. Lakini risasi ya .38 kutoka mtutu wa inchi 2 mbele ya tembo ni sawa na kumrushia jiwe. Itamkasirisha tu. Kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori na silaha zao.

Hoja ya upande wa pili

Haki inadai hoja ya wamiliki isikilizwe. Wanasema benki haiko njiani. Mnada huanza asubuhi na muuza ng'ombe hataki hundi, anataka noti azihesabu mbele ya shahidi. Wanasema pia kwamba mjambazi hajui kama silinda imelika. Anachokiona ni bastola, na mara nyingi hiyo hutosha.

Hoja ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, na mitandao mingine kufuata, sehemu ya fedha za mnadani zilianza kusafiri bila mfuko. Ni kweli kwamba tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 iliwarudisha wengi kwenye noti, na ni kweli kwamba makato bado yanauma. Lakini makato ni gharama inayojulikana mapema. Mfanyabiashara anaweza kuiweka katika bei ya ng'ombe kama anavyoweka ushuru na nauli. Hasara ya kuporwa mtaji wote, au ya risasi iliyotoka upande usiotakiwa, haiwezi kuwekwa katika bei yoyote.

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu inaonekana ya busara. Silaha inayoonyeshwa ni ahadi, na anayetoa ahadi hiyo lazima awe tayari na aweze kuitimiza. Mjambazi akiwa naye ana silaha, bastola isiyolipuka imegeuza wizi wa fedha kuwa wizi wa roho. Akiwa hana, bastola hiyo ndiyo anayoondoka nayo, na mwenye leseni ataieleza polisi namba kwa namba. Kati ya matokeo hayo mawili hakuna hata moja linaloitwa kinga.

Kuna njia zisizotegemea chuma. Wafanyabiashara wanne au watano kusafiri pamoja. Kulipa sehemu kubwa kwa simu na kubaki na noti za matumizi tu. Kutorudia njia ile ile na saa ile ile kila siku ya mnada. Kutotangaza bei ya mauzo kwenye kilabu cha pombe. Gharama yake ni nidhamu, na nidhamu haipati kutu.

Hesabu ya mwisho

Anayemiliki rivolva ndogo ya zamani kwa halali ana maamuzi matatu mbele yake, na yote yana faida kuliko kuendelea kuifungia. Aiondoe risasi, aifikishe kwa fundi mwenye leseni kupitia utaratibu wa polisi, na apate maandishi ya hali yake: silinda inashika sawasawa, haichezi, fremu haina ufa, kizuizi cha nyundo kinafanya kazi, na ni risasi ya aina gani inayotakiwa. Ikipita, aihudumie kama anavyohudumia gari. Ikishindwa kwa kitu kidogo kinachopatikana, aitengeneze na aandike gharama hiyo daftarini. Ikishindwa kwa kitu kikubwa, aikabidhi polisi, apate hati ya kuikabidhi, na aifute katika orodha ya mali zake.

Aliye na silaha isiyo na leseni, iliyoachwa na babu au iliyookotwa, hana maamuzi matatu. Analo moja. Serikali imetoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na kipindi kama hicho kikitangazwa tena si cha kukiacha kipite.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bastola kuukuu ni mfano wa mali iliyokwisha kupotea ikiwa bado mkononi. Fedha zinazokwenda kwenye risasi za kubahatisha, ada na safari za kuitafutia vipuri zingetosha, kidogo kidogo, kununua mtamba. Mtamba anaweza kuibiwa, hilo kila mtu wa Mara analijua. Lakini asipoibiwa atazaa. Bastola isipoibiwa inaoza.